Pasaka Mbili Nyumba Moja: Mwongozo Kamili kwa Mkristo Aliyeoa au Kuolewa na Myahudi

Jamani kila mwaka ikifika mwezi wa tatu napokea meseji zilezile. Dada yuko Maryland kapika pilau la Pasaka kamkaribisha mama mkwe wake Myahudi, mama wa watu kakaa mezani kala matango na chai. Kaka yuko Toronto kaenda kwa wakwe usiku wa sederi, ule mlo wa ibada wa Pasaka ya Kiyahudi, kabeba keki ya kununua, mke wake kamkonyeza mlangoni airudishe kwenye gari. Na wapo walioniacha hoi kabisa, mtu na mumewe waliona isiwe shida, wakaunganisha, dina moja ya Pasaka ya Kikristo na ya Kiyahudi kwa mpigo, mwana-kondoo wa kuoka katikati, nyimbo za huku na za kule, wakaishia kununiwa na pande zote mbili mpaka Juni.

Kosa linaanzia kwenye lugha yetu. Kiswahili tuna neno moja tu, yao Pasaka na yetu Pasaka, kwa hiyo kichwani tunadhani ni sikukuu moja yenye milango miwili. Ni ndugu, sawa, ila ni mbili. Wao wanakumbuka kutoka Misri, sisi tunakumbuka kufufuka kwa Yesu. Ili tusichanganyane hapa, ya kwao ntaiita Pesakhi kama wanavyoiita wenyewe (hiyo kh itamke kama ya kheri, watu wa Pwani mna bahati), na ya kwetu inabaki Pasaka.

Mimi ni Mlutheri wa Moshi, nimeolewa na Myahudi huku New Jersey, huu mwaka wa tisa. Makosa mengi ntakayoyataja nimeyafanya mwenyewe. Na msimamo wangu nauweka mapema ili usije ukasema sikukwambia: usizichanganye. Fanya zote mbili, kila moja kamili, kila moja na mwenyeji wake, na yule mwingine siku hiyo awe mgeni mwenye adabu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Anza wiki sita kabla, sio wiki moja.

- Kalenda moja ya ukutani yenye tarehe za pande zote mbili. Ya simu haitoshi, iwe ile ambayo kila mtu anaiona akienda friji.
- Maboksi mawili makubwa ya plastiki yenye mifuniko, na tepu ya kufungia.
- Matsa, ule mkate mkavu usio na hamira. Soma boksi vizuri! Kuna matsa za mwaka mzima ambazo hazifai kwa Pesakhi na zimeandikwa hivyo kwa herufi ndogo pembeni. Mwaka wa kwanza nilinunua hizo, maboksi matano, kwa furaha zote.
- Divai yenye alama ya Pesakhi, au juisi ya zabibu kwa watoto na kwa walokole wetu.
- Hagada, kile kitabu kinachosomwa mezani, angalau kimoja kwa watu wawili.
- Vitu vya sahani ya sederi: mfupa wa kuchoma, yai la kuchemsha, mboga chungu, kotmiri, bakuli la maji ya chumvi, na kharoseti, yaani tufaa zilizokatwakatwa zikachanganywa na lozi, mdalasini na divai. Familia zenye asili ya nchi za Kiarabu wengi wanaitengeneza kwa tende, na hiyo ukimpa mtu wa Pwani haachi kitu.
- Muhogo, ndizi mbichi, viazi. Hivi vitakuokoa, utaona.

## Hatua ya 1: Mhoji mwenzako, usikisie

Kwenye sederi mtoto mdogo kuliko wote huuliza Maswali Manne. Na nyie wawili mna manne yenu, na muulizane mkiwa mmeshiba na hamna mgeni.

La kwanza, siku ngapi? Pesakhi Israeli ni siku 7, nje ya Israeli Waothodoksi na Wakonsavativu wanafanya 8, Wareformu wengi wanafanya 7 (hayo ni madhehebu ya Kiyahudi, sio ya Kikristo). Na sederi ni usiku mmoja au miwili? La pili, ni nyumba nzima inayoacha mkate au ni sahani ya mwenzako tu? La tatu, wali na maharage vinaliwa au haviliwi? Hili linaonekana dogo ila ndilo linalovunja ndoa, tutalifikia jikoni. La nne, kanisani anakuja, anakusindikiza mpaka mlangoni, au anabaki nyumbani?

Kwa nini uulize wakati unaweza kugoogle? Kwa sababu gugo itakuambia sheria, haitakuambia mume wako amelelewaje. Wangu mimi anakula mpaka kamba siku za kawaida na sinagogi anaenda mara mbili kwa mwaka, nikajiambia huyu hana shida, ikafika Pesakhi nikamwona anasoma lebo ya haradali kama mwanasheria. Nikamuuliza vipi tena? Akasema bibi yake hakuwahi kuweka mkate mezani wiki hii hata siku moja, basi. Sio imani tu, ni bibi. Hata wewe una mambo ya hivyo, nani kakulazimisha kutokula nyama Ijumaa Kuu wakati kanisani hujakanyaga tangu Krismasi?

Umefanikiwa hapa kama mna karatasi yenye majibu manne na kila mmoja anaweza kuyasema majibu ya mwenzake bila kusoma.

## Hatua ya 2: Panga tarehe, na uanze kuhesabu jioni

Kalenda yao inafuata mwezi, ila mara 7 katika miaka 19 wanaongeza mwezi mzima ili Pesakhi isitoroke majira yake. Ndio maana miaka mingine sikukuu zinagongana na mingine zinaachana mbali. 2024 Pasaka ilikuwa tarehe 31 Machi, Pesakhi ikaja kuanza jioni ya 22 Aprili. 2026 zimegongana vibaya: sederi ya kwanza jioni ya Jumatano tarehe 1 Aprili, ya pili inaangukia Alhamisi Kuu, Ijumaa Kuu tarehe 3, Pasaka tarehe 5 katikati kabisa ya wiki isiyo na mkate. 2027 unapumua, Pasaka 28 Machi, Pesakhi jioni ya 21 Aprili.

Sasa kitu kimoja ambacho Mswahili anakielewa haraka kuliko Mmarekani. Siku yao inaanza jua likizama. Wazungu wanaozeshwa huko wanahangaika sana na hili, sisi saa zetu zenyewe zinaanzia hapo, saa moja usiku ndo mwanzo, na wazee wa Pwani wakisema usiku wa Alhamisi wanamaanisha ule wa kuamkia Alhamisi. Kwa hiyo kalenda ikikuandikia Pesakhi ni Alhamisi tarehe 2, shughuli iko Jumatano jioni. Usiende Alhamisi mchana na maua yako ukakuta vyombo vinaoshwa.

Mwaka wa kugongana andika pia vitu vidogo. Sederi ya pili na ibada ya Alhamisi Kuu ni jioni moja, uchague mapema na useme mapema. Kama wewe ni Mkatoliki, kile kiporo cha nyama ya kidari kilichobaki sederi Ijumaa Kuu hukigusi, kwa hiyo uwe na samaki kwenye friji.

## Hatua ya 3: Jiko

Hapa ndo wengi wanafeli kwa hiyo ntakaa sana.

Kinachokatazwa kinaitwa khametsi. Ni kitu chochote kilichotengenezwa na ngano, shayiri, au ndugu zao wa karibu watatu wa nafaka za huko Ulaya, kikagusana na maji kikaachwa muda kikaumuka. Hesabu wanayotumia ni dakika 18, matsa yenyewe lazima iwe imekandwa na kuokwa ndani ya hizo. Kwa hiyo mkate, chapati, maandazi, tambi, keki, biskuti, bia, vyote nje. Usiniambie chapati haina hamira. Najua haina hamira. Unga wa ngano ukiukanda ukaufunika nusu saa ulainike, tayari ni khametsi. Niligombana na mume wangu juu ya hili mwaka mzima wa kwanza na nilikuwa nimekosea mimi.

Halafu kuna kundi la pili, kitniyoti. Humo kuna mchele, mahindi, maharage, dengu, choroko, mtama, ulezi, na wengi wanahesabu na karanga. Wayahudi wa asili ya Ulaya ya mashariki kwa desturi hawali hivi wiki ya Pesakhi. Wa asili ya Yemeni na Iraki wengi wanakula wali kama kawaida. Na mwishoni mwa 2015 marabi wa Konsavativu wa Marekani walipitisha kwamba hata wale wa Ulaya wanaruhusiwa, ila kuruhusiwa ni kitu kimoja na mama mkwe kukubali ni kingine.

Soma tena ile orodha. Ugali, wali maharage, makande, uji wa ulezi, mchicha wa karanga. Yaani wamechukua jiko lako lote! Ndo maana pilau la yule dada wa Maryland lilibaki sufuriani. Hakukosea kupika, alikosea kutouliza swali la tatu.

Sasa habari njema. Muhogo haumo, ndizi hazimo, viazi vya aina zote havimo, magimbi hayamo. Mchaga mwenzangu, machalari ya ndizi na nyama ni chakula cha Pesakhi kabisa na hakuna aliyekwambia, yangu ndo sahani inayoisha kwanza mezani kwa mama mkwe. Waganda matoke yenu hayo. Ugali wa muhogo unapita, ila kama nyumba ni ya kushika sana, unga wa paketi lazima uwe na alama, maana kiwandani unaweza kuwa umesagwa pamoja na ngano, bora ununue muhogo wenyewe uchemshe.

Utaratibu wa jiko lenyewe:

Wiki mbili kabla, acha kununua unga na tambi, kula vilivyopo. Wiki moja kabla, futa friji na makabati, mfuko wa mkate wa mwaka jana utaukuta nyuma ya jokofu, usijali, ndo kazi yenyewe. Siku mbili kabla, khametsi iliyobaki yote itie kwenye yale maboksi mawili, piga tepu, peleka gereji au stoo. Familia nyingine wanaiuza kwa mtu asiye Myahudi kupitia rabi wao mpaka sikukuu iishe, na ni mauzo ya kweli yenye karatasi, kwa hiyo usijipendekeze kusema nipeni mimi bure. Usiku wa kuamkia mkesha, watoto wanasaka makombo kwa tochi au mshumaa. Asubuhi yake ndo mwisho wa kula mkate, saa nne hivi umefunga.

Kuhusu lebo: tafuta herufi P pembeni ya alama ya kosheri (yaani chakula kinachoruhusiwa kwa sheria za Kiyahudi), au sentensi inayotaja Pesakhi. Kosheri peke yake haitoshi, mkate wa kosheri upo mwaka mzima na bado ni mkate. Soda tafuta ile Coca-Cola yenye kifuniko cha njano inayotoka msimu huu tu, ile ya kawaida ya Marekani ina sukari ya mahindi. (Watu wasio Wayahudi wanaigombania pia, wanasema ni tamu zaidi. Ni kweli.)

Onyo moja la nyama. Kama nyumba inashika kosheri, nyama na maziwa havikai meza moja, kwa hiyo siagi kwenye viazi vya pembeni ya nyama hapana, na mtindi wa mama usubiri kesho. Na mwana-kondoo wa kuoka mzima usipeleke sederi hata kama Kutoka 12 imekaa kichwani. Familia nyingi za asili ya Ulaya hawali kondoo wa kuoka usiku huo makusudi, kwa kuwa sadaka ya Pesakhi ilichinjwa Hekaluni na Hekalu halipo. Kuku, nyama ya kidari ya kupikwa taratibu, samaki, hapo uko salama.

Utajua umeweza ukiona mwenzako anafungua friji anachukua kitu anakula bila kugeuza kusoma nyuma.

## Hatua ya 4: Simu mbili

Kila mtu anapigia wazazi wake mwenyewe. Hii ni sheria, isivunjwe. Mume wangu ndo anampigia mama yake kumwambia Jumapili tunaenda kanisani, mimi ndo nampigia mama Moshi kumwambia mwaka huu hatuoki. Ukimtuma mkwe apeleke habari mbaya amekuwa yeye ndo habari mbaya.

Kwa upande wao elewa hofu inatoka wapi. Utafiti wa 2020 wa Pew, shirika la utafiti la Marekani, ulikuta katika Wayahudi walio kwenye ndoa, 42% mwenzi wao sio Myahudi, na kwa waliofunga ndoa tangu 2010 ni 61%. Mama mkwe anaziona hizo namba kwenye macho ya mjukuu wake. Na Pasaka kwake sio sungura na mayai tu. Historia ntairuka ila hii kidogo: 1903 mji wa Kishinev, uliokuwa chini ya Urusi, Wayahudi waliuawa siku ya Pasaka yenyewe, na mwaka huohuo Waingereza ndo wakaleta lile wazo la kuwapa Wayahudi ardhi Uasin Gishu, huko Eldoret, Wazayuni wakalikataa 1905. Wakenya wengi hawajui. Bibi mzaa bibi wa mume wangu alikuwa anafunga madirisha siku ya Pasaka, mpaka alipofika Amerika. Kwa hiyo ukimwona mama mkwe kawa mkimya wiki ile usidhani kakuchukia.

Kwa upande wetu shida ni kinyume, upendo umezidi! Mama yangu alipojua naolewa na Myahudi alishangilia kanisa zima likajua, mwanangu kaolewa na taifa teule. Akaja huku, mezani akamuuliza baba mkwe, sasa baba, Masihi mtampokea lini? Kwa upole kabisa. Nilitamani sakafu ipasuke.

Kwa hiyo mama yako mwambie yafuatayo, kwa heshima, na umwambie kabla hajapanda ndege. Asiseme Agano la Kale mbele yao, maana kwao hilo ndilo lote na sio la kale, aseme Torati au Maandiko. Asifananishe matsa na mwili wa Bwana. Sala kwa jina la Yesu aiombe chumbani, na Jumapili mezani kwetu ataiomba kwa sauti anayotaka. Na ile ya "kumbe kuna Wayahudi weusi?" nayo aiache, mwambie aende Mbale Uganda akawaone Abayudaya, wapo tangu 1919 na Pesakhi wanaifanya na ndizi zao.

Simu imefanikiwa kama mzazi amenuna siku mbili halafu akauliza, "sasa nije nimevaa nini?"

## Hatua ya 5: Usiku wa sederi, wewe ni mgeni

Kula kabla hujatoka. Sitanii. Sederi ina hatua 15 na chakula chenyewe kinakuja baada ya nyingi kupita, mnaweza kukaa saa nzima au mbili mnasoma na mezani kuna kotmiri na maji ya chumvi. Mbege hamna.

Inavyokwenda kwa ufupi: baraka na kikombe cha kwanza, kunawa, kotmiri inachovywa kwenye maji ya chumvi ambayo ni machozi, matsa ya katikati inavunjwa na kipande kinafichwa, mtoto anauliza Maswali Manne, kisa cha Misri kinasomwa kwa zamu, mapigo kumi yanatajwa na kwa kila moja unatoa tone la divai kwa kidole. Kikombe cha pili. Matsa, mboga chungu, halafu vyote viwili pamoja na kharoseti. Ndo mnakula. Watoto wanatafuta kile kipande kilichofichwa, aliyekipata anadai zawadi na bila hicho sederi haiendelei. Kikombe cha tatu, mlango unafunguliwa kwa ajili ya nabii Eliya, nyimbo, cha nne, mwakani Yerusalemu.

Vikombe vinne ni vinne kweli. Juisi ya zabibu inaruhusiwa, omba mapema usione aibu, na kama unaendesha gari usijifanye shujaa.

Mboga chungu huku wanatumia mzizi mweupe mkali unaokwanguliwa, unapanda mpaka puani. Chukua kidogo. Kule nyumbani ningesema mchunga, na mwaka mmoja nilisimulia mezani jinsi bibi yangu alivyokuwa anatulisha mchunga na sisi tunalia, baba mkwe akacheka, akasema basi hiyo ndo yenyewe. Na hapo nikajifunza kitu: mchango wako mezani unaotakiwa ni kisa cha kwenu. Wanapenda maswali na visa, kitabu chenyewe kinasema anayezidisha kusimulia anasifiwa. Wasichokitaka ni wewe kuwafafanulia sikukuu yao. Ile ya karamu ya mwisho ya Yesu kuwa sederi, uliyoisikia semina ya kanisani, iache kwenye gari na keki.

Hagada ikikufikia soma, lugha yoyote iliyopo, kwa sauti ya kawaida. Wakiimba Kiebrania piga makofi, kuna mmoja kiitikio chake ni neno moja tu, dayenu, yaani ingetutosha, dakika mbili umeshaujua.

Wakikualika mwakani kabla hujavaa koti, umefaulu. Mama mkwe akikufungia kiporo, umefaulu zaidi.

## Hatua ya 6: Ijumaa Kuu mpaka Jumapili, sasa wewe ni mwenyeji

Watu wakishapita sederi wanadhani wamemaliza, halafu Pasaka yao wenyewe wanaifanya kwa aibu aibu kama wanaiba. Usifanye hivyo. Umeacha mkate wiki nzima kwa heshima, na yeye ana zamu yake.

Ijumaa Kuu mwenzako akitaka kuja, mwandae. Siku hiyo inasomwa habari ya mateso ya Yesu kutoka Injili ya Yohana na neno "Wayahudi" linarudi rudi, na mwenye sikio la Kiyahudi linamchoma kila mara. Mwambie kabla. Mwambie pia kwamba Kanisa Katoliki lilitamka mwaka 1965, kwenye tamko liitwalo Nostra Aetate, kuwa Wayahudi hawabebeshwi lawama ya kifo cha Yesu, na Walutheri wa ELCA, kanisa la Kilutheri la hapa Marekani, mwaka 1994 walikataa hadharani yale maandishi ya Luther dhidi ya Wayahudi. Mimi binafsi namshauri mtu aje Jumapili badala ya Ijumaa. Wangu anakuja Jumapili, anakaa benchi la nyuma, nyimbo za kufufuka haimbi, anashika mtoto. Inatosha.

Ushirika Mtakatifu je, si ni ngano? Ni ngano. Mimi nashiriki, kanisani sio jikoni kwangu, na mume wangu hajawahi kusema neno. Ila muulizane, usishtukizane.

Mlo wa Jumapili mwaka wa kugongana unaupika bila khametsi, na ukiamua kuona ni adhabu itakuwa adhabu. Mezani kwetu: supu ya kuku, samaki wa kupaka (nazi nakuna mwenyewe, ya kopo ina viungo vya kugandisha ambavyo vinaleta maneno), machalari, kachumbari, muhogo wa kukaanga, na keki ya lozi na mayai isiyo na unga, ambayo mama yangu aliiita kimombo fulani cha dharau mpaka alipoionja. Nyama ya nguruwe usiweke, hata kama kanisani kwenu Pasaka ni kitimoto. Sala anaomba mtu wetu, kwa jina la Yesu, bila kunong'ona, na wakwe wakiwepo wanakaa kimya kama ulivyokaa wewe Jumatano.

Mwaka zikiachana, furahia, chapati zako zote.

## Hatua ya 7: Watoto

Hapa ntapita haraka maana ni mada ya peke yake. Swali la ubatizo au tohara ya siku ya nane halijibiwi wiki ya Pasaka, halijibiwi mezani, na halijibiwi mbele ya bibi yeyote. Ujue tu uzito wake: kwa Waothodoksi na Wakonsavativu Uyahudi unapita kwa mama, kwa hiyo watoto wangu mimi kwao sio Wayahudi, wakati Reformu ya Marekani tangu 1983 inakubali na wa baba endapo mtoto amelelewa Kiyahudi. Ndo maana mama mkwe anakuangalia mkono unapoandika fomu ya shule ya Jumapili.

Kwa wiki hii ya sikukuu, mtoto ajibiwe kwa sentensi fupi. "Hii ni ya kwa baba, ile ni ya kwa mama, na wewe umealikwa zote." Usimwambie ni kitu kimoja. Wangu wa miaka sita aliambiwa na mtu ni kitu kimoja, akaenda shuleni kusema Musa alifufuka.

## Hatua ya 8: Ukiharibu

Utaharibu. Mimi mwaka wa tatu nilitoa maandazi kwenye friza Jumamosi usiku, nusu usingizi, nikayapasha kwenye maikrowevu ile ile, mama mkwe amelala chumba cha pili. Asubuhi harufu nyumba nzima.

Usifiche na usijitetee. Sema, "Mama, nimesahau, nisamehe, niambie maikrowevu naisafishaje." Ukishauliza namna ya kurekebisha umempa kazi, na watu wa aina hii wakipata kazi hasira inaisha. Tulichemsha bakuli la maji humo ndani mpaka mvuke ukajaa, akasimama pembeni na saa yake. Kama ni wewe uliyekosewa, mfano shemeji kaikejeli imani yako mezani, usijibu usiku uleule, mwenzako ndo aongee na ndugu yake, rudi kwenye sheria ya simu mbili.

Jioni ya mwisho ya Pesakhi mnasubiri giza, wengine wanahesabu nyota tatu. Kwetu watoto wanasimama kwenye kibaraza wanabishana ile ni nyota au ni ndege inashuka Newark. Wakikubaliana, mume wangu anaenda gereji kuleta maboksi, anachana tepu, mimi maji ya uvuguvugu yapo tayari kwenye beseni, na mama mkwe siku hizi anabaki mpaka muda huo, anajifanya anatafuta mkoba wake, anasubiri chapati ya kwanza.